Rosta ya Usiku na Akili ya Mkunga

Katika hospitali nyingi za serikali kuna karatasi inayosomwa kwa makini kuliko faili la mgonjwa yeyote. Imebandikwa kwenye ukuta wa chumba cha wauguzi. Imechorwa kwa rula: majina upande wa kushoto, tarehe juu, na ndani ya visanduku herufi moja moja za asubuhi, jioni, usiku na mapumziko. Mpya inapobandikwa mwisho wa mwezi, wauguzi huisogelea na simu zao, wakafuata majina kwa kidole, wakapiga picha, kisha wakanyamaza au wakaguna. Nani kapangiwa usiku wa Idi. Nani kapangwa na nani. Nani yuko peke yake leba Jumamosi.

Tumezoea kuuzungumzia msongo wa kazi kama jambo lililo kifuani mwa mtu. Mfanyakazi huambiwa avute pumzi, afanye mazoezi, apunguze mawazo, amtangulize Mungu. Ushauri huo una faida yake na sitaubeza. Lakini nikiwatazama wakunga wetu naona kwamba sehemu kubwa ya kuchoka kwao imepangwa wiki nne kabla hawajachoka. Imo kwenye visanduku vya karatasi ile, na mwajiri anayetaka kweli kutunza akili za watu wake aanzie hapo.

Tufanye hesabu kidogo, maana wanaosema wakunga wa siku hizi ni wavivu hawajawahi kuifanya.

Mama akishashikwa na uchungu sawasawa, mkunga humfungulia chati ya uchungu, ile karatasi ya miraba ambayo wenyewe huiita patografu. Maelekezo yake anayajua kila aliyepita chuo cha uuguzi. Mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa. Uchungu nao uhesabiwe kila nusu saa, na namna ya kuuhesabu ni kuweka kiganja juu ya tumbo kwa dakika 10 kamili, uone umekuja mara ngapi na kila ulipokuja umedumu sekunde ngapi. Njia ipimwe kila baada ya saa 4. Presha, joto na mkojo vina saa zake. Mama akianza kusukuma, moyo wa mtoto unasikilizwa kila dakika 5.

Sasa mpe mkunga mmoja wajawazito 3 walioshikwa na uchungu. Akitaka kuwahesabia wote kama alivyofundishwa, dakika zake 30 zimekwisha, kiganja kikiwa tumboni na macho kwenye saa. Mpe 6. Anahitaji dakika 60 ndani ya kila dakika 30. Hapo bado hajasikiliza moyo wa mtoto hata mmoja, hajaweka dripu, hajashona aliyechanika, hajanyanyua simu kumwita daktari. Kitanda cha pili wanaita sista, cha nne ameanza kutapika, na mlangoni bajaji imemshusha mwingine aliyejifunga kanga mbili, ndugu zake wanagonga wafunguliwe.

Mkunga huyo huchagua. Humkimbilia anayetoka damu, au yule ambaye kichwa cha mtoto kimeshaonekana, na wengine huwaambia wavumilie. Kukikaribia kupambazuka hukaa mezani na rundo la chati akaanza kuweka nukta. Watafiti waliozichunguza chati hizi katika hospitali za Tanzania na za nchi jirani wamekuta nyingi zina mapengo, na nyingine zimejazwa mtoto akiwa ameshazaliwa. Wakubwa wakizikuta huandika barua za onyo. Sijawahi kusikia barua iliyouliza usiku ule wajawazito walikuwa wangapi na mikono ilikuwa mingapi.

Kinachomuumiza mkunga hapo kinazidi miguu na mgongo. Anajua kilichotakiwa, amefundishwa, alikiapia, na ameweka sahihi yake chini ya karatasi inayosema kimefanyika. Wataalamu wa afya ya akili wa Marekani, ambao kwanza waliliona jambo hili kwa wanajeshi waliotoka vitani Vietnam, huliita jeraha la dhamiri: mtu analazimika kufanya, au kuacha kufanya, jambo ambalo nafsi yake inalikataa, tena mara nyingi, mpaka anaanza kujichukia au kuichukia kazi yenyewe. Baadaye madaktari nao walianza kulitumia jina hilo kueleza yanayowapata wao hospitalini. Usingizi wa siku mbili haulitibu.

Hali hii ya kuchoka mpaka mtu akaishiwa, mwanasaikolojia anayetambuliwa kuwa wa kwanza kuieleza kitaalamu aliiona katika mazingira ya tiba. Herbert Freudenberger alikuwa na ofisi yake New York, akiwahudumia wateja wanaolipa mchana, na jioni akijitolea katika kliniki ya bure iliyokuwa ikipokea vijana wengi waliotekwa na dawa za kulevya. Aliona wenzake, naye akiwemo, wakianza kwa ari kubwa, na baada ya muda wakawa wepesi wa hasira, wagumu wa kusikiliza, wazito wa kuamka. Aliandika juu yao mwaka 1974. Jambo la kukumbuka ni kwamba waliokuwa wakiishiwa walikuwa wale waliojitoa zaidi. Mvivu hana cha kuishiwa.

Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Susan Jackson, walitengeneza kipimo cha hali hiyo mwaka 1981, na kinatumika mpaka leo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza hali hiyo katika orodha yake ya kimataifa, likaieleza kwa dalili tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona kwamba anachofanya hakina tija. Shirika halikuiita ugonjwa. Liliiita jambo la kazini, linalotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukusimamiwa vizuri. Maneno hayo yanaweka wajibu mahali pake, na ningependa kila mkurugenzi wa halmashauri ayasome polepole. Msongo husimamiwa na msimamizi.

Dalili ya pili kati ya hizo tatu inamhusu kila mama aliyewahi kuingia leba. Mtu akizidiwa kwa muda mrefu hujikinga kwa kukauka. Mgonjwa anakuwa namba ya kitanda. Kilio chake kinakuwa kelele. Mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, watafiti wa mradi ulioitwa Staha waliwahoji wanawake waliokuwa wakitoka hospitali baada ya kujifungua. Asilimia 19 walisema walitendewa vibaya: kufokewa, kupuuzwa, wengine kupigwa. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakiwa huru kusema, waliosema hivyo walifika asilimia 28. Nayaandika haya bila kumtetea anayempiga mzazi kofi. Kofi ni kofi, na mama aliyepigwa akiwa uchi na katika maumivu hapaswi kuambiwa amwelewe aliyempiga. Lakini ukimfukuza huyo mmoja ukaiacha rosta ilivyokuwa, baada ya miaka miwili umetengeneza mwingine.

Na leba zetu zinazidi kujaa kwa sababu njema. Mwaka 2010 watoto waliozaliwa katika vituo vya afya Tanzania walikuwa nusu tu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wamefika asilimia 63, na ule wa 2022 asilimia 81. Katika tafiti hizohizo mbili za mwisho, makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni mafanikio makubwa sana. Nyuma yake kuna majengo mapya, magari ya wagonjwa, damu salama, na kuna mikono ya wakunga waliopokea watoto wote hao mmoja baada ya mwingine. Mwanamke ambaye zamani angejifungulia kwa bibi yake sasa yupo kwenye foleni ya leba, kama tulivyomwomba. Tumemwita, ameitika. Jengo limekamilika na utepe umekatwa. Upungufu wa watumishi wa kumpokea nao si siri, mawaziri wenyewe wameutaja bungeni mara nyingi.

Kuna watakaosema idadi ya wauguzi ni suala la utawala na halina uhusiano na afya ya akili. Uhusiano huo umepimwa. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliowahusu wauguzi zaidi ya 10,000 na wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 230,000. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa wagonjwa kufa ndani ya siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kuwa na uchovu uliokithiri uliongezeka kwa asilimia 23. Mgonjwa mmoja tu. Mwaka 2004 jimbo la California lilianza kutekeleza sheria inayoweka ukomo wa wagonjwa kwa kila muuguzi, wodi kwa wodi. Katika chumba cha wagonjwa mahututi, kwa mfano, muuguzi mmoja hazidishiwi wagonjwa 2. Najua California ina fedha ambazo sisi hatuna. Nachukua wazo lake: kwamba idadi hiyo ni jambo la usalama, linaloandikwa kwenye sheria, na haliachwi kwa huruma ya anayepanga zamu.

Kinachofuata ni kigumu kukiandika.

Mama akifia leba, mambo huenda kwa utaratibu. Mkunga na mwenzake, kama mwenzake yupo, humfunga mama taya na vidole gumba vya miguu, wakamfunika, wakaandika muda. Ndugu huitwa. Nje husikika kilio cha kwanza, ambacho kila aliyefanya kazi wodi ya wazazi anakijua na hakisahau. Mwili ukishatoka, godoro la mpira hupanguswa kwa dawa, shuka hubadilishwa, na pengine kabla ya saa moja kupita mama mwingine amelazwa pale pale. Hana habari. Anamshika mkono mkunga yuleyule na kumwambia, "Sista, usiniache." Mkunga hujibu, "Nipo, dada," na anaanza kuhesabu.

Mwongozo wa serikali unataka kifo hicho kitolewe taarifa ndani ya saa 24, kisha kijadiliwe na kamati. Mwongozo huohuo unasema kikao si cha kumtafuta mkosaji, na ni vizuri umesema hivyo. Lakini mkunga huingia humo na faili mkononi akijua ataulizwa saa 9 usiku alikuwa wapi. Maswali juu ya damu, dawa na rufaa ni ya lazima, na majibu yake yameokoa wengine waliokuja baadaye. Kinachokosekana ni mtu mmoja ndani ya chumba kile mwenye kazi ya kumuuliza mkunga amelala vipi tangu siku ile. Daktari Albert Wu wa Marekani aliandika mwaka 2000 juu ya watoa huduma wanaobaki na jeraha baada ya mgonjwa kudhurika mikononi mwao, akawaita wahanga wa pili. Wengi wao, alisema, hubeba peke yao. Nimewasikia wakunga wakisimulia vifo vya miaka mingi nyuma na bado wanataja rangi ya kanga ya marehemu.

Pamoja na hayo huambiwa kwamba uuguzi ni wito. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, neno hilo hurudiwa jukwaani huku mishumaa ikiwashwa na kiapo kikisomwa upya. Nalipenda neno hilo, na nimewaona walioitwa kweli. Ninachokikataa ni kulitumia kufunga mjadala. Muuguzi akidai posho yake ya zamu, ni wito. Akisema hajapata likizo kwa miaka miwili, ni wito. Akilia chooni, ni wito, avumilie. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma kwa takriban miezi mitano, na madaktari wa nchi hiyo walikuwa wamemaliza mgomo wa siku 100 mwezi Machi mwaka huohuo. Waliopoteza zaidi walikuwa wagonjwa maskini wasio na pa kwenda, na sishangilii mgomo wa hospitali. Lakini watu wenye wito hawaachi vitanda vya wagonjwa kwa miezi mitano pasipo kuwa wamesema kwa muda mrefu bila kusikilizwa.

Zamu ya usiku haiishii getini. Mkunga anayekabidhi saa 2 asubuhi hutoka kama saa 3 baada ya ripoti, akapanda daladala mbili, akafika Mbagala au Gongo la Mboto jua limeshapanda. Nyumbani yeye ni mama. Kuna sare za shule za kufua, maji yanatoka leo na kesho hayatoki, mtoto mdogo ana homa. Akijilaza saa 5, bati limeshashika moto, muuza samaki anapita akipiga honi, jirani mwema anabisha hodi kumuuliza kwa nini leo hajaenda kazini. Anapata usingizi wa saa 3, pengine 4, kisha anaamka kupika chakula cha jioni kabla ya kuondoka tena. Mume anayelielewa hili akafunga mlango na kuwatoa watoto nje amefanya kazi ya tiba, na sitanii.

Sheria haijalala kwenye jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne. Kati ya zamu moja na nyingine mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki apate saa 24 zake. Kazi ya usiku inalipwa nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Chukua mkunga anayeingia usiku 4 mfululizo, kila mmoja saa 12: ameshafika saa 48 kabla wiki haijaisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo duniani katika mwaka 2016 pekee. Namba hizo ni za dunia nzima na za kazi zote, lakini mwili wa mkunga haukuumbwa tofauti.

Kuna jambo katika sheria hiyo ambalo waajiri wengi hulipita haraka. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Inatolewa kwa cheti cha daktari. Sheria haisemi ugonjwa wenyewe uwe wa mguu au wa akili. Mwenye sonona ana haki nayo sawa na aliyevunjika mfupa, na daktari anayeandika cheti cha sonona hatendi hisani.

Tuseme sasa mkunga amekubali kwamba hayuko sawa. Analia bila sababu anayoijua, chakula hakipiti, akisikia king'ora cha gari la wagonjwa mikono inatetemeka. Aende wapi? Kliniki ya afya ya akili ipo, majengo matatu kutoka wodini kwake. Anayepokea kadi dirishani anasali naye kanisa moja. Daktari wa kliniki alikuwa kwenye kikao cha kifo kile. Waliokaa kwenye benchi ni wagonjwa anaowafahamu, na mmojawapo atasimama kumpisha akidhani amekuja kikazi. Mtaani kwetu jina la Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, bado hutumika kama tusi la kumwambia mtu kwamba amerukwa na akili. Basi mkunga hugeuka. Hununua dawa za usingizi kwa mgongo wa mwenzake wa famasi, au huongeza ukali wodini, au huomba uhamisho.

Huduma ya ushauri kwa watumishi wa afya inafaa itolewe nje ya kituo wanachofanyia kazi, kwa makubaliano na hospitali nyingine au na chama chao, bila jina kupita kwenye meza ya mwajiri. Chama cha wauguzi na vyama vya wafanyakazi, TUGHE kikiwemo, wanaweza kulisimamia hili bila kusubiri bajeti kubwa. Mijini lingewezekana hata mwaka huu. Wilayani ni kazi zaidi, kwa kuwa hospitali mara nyingi ni moja na kila mtu anamjua kila mtu. Huko simu ya siri kwa mtaalamu aliye mkoa mwingine ingesaidia.

Hata hivyo narudi kwa msimamizi, kwa sababu ushauri unamkuta mtu ameshaumia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya afya ya akili kazini, na mambo mawili liliyoyasisitiza yanafaa sana hapa: kubadili mazingira na mpangilio wa kazi, na kuwafundisha wasimamizi kutambua mtu wao anapoanza kuzidiwa. Kwa leba, msimamizi huyo ni muuguzi mfawidhi wa wodi, anayeitwa inchaji. Mara nyingi ni mkunga mzuri aliyepandishwa cheo kwa uzoefu, akakabidhiwa rula na karatasi bila mafunzo ya siku hata moja ya kupanga watu. Naye anabanwa kutoka juu. Lakini peni yake ina nguvu. Anaweza kuibandika rosta mapema, watu wapange maisha yao. Anaweza kumwoanisha mgeni na mzoefu usiku. Anaweza kukataa kumrudisha mtu asubuhi baada ya jioni. Anaweza kumtoa leba mkunga aliyefiwa na mama mikononi mwake, akampeleka kliniki ya watoto kwa siku chache, na kumwambia wazi kwamba si adhabu. Anaweza kuruhusu kubadilishana zamu kwa makubaliano, bila mtu kuandikiwa barua. Yote hayo hayahitaji kibali cha utumishi.

Unguja kuna mfano ninaoupenda. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, watafiti na watumishi wa leba walifanya kazi pamoja kuanzia mwaka 2014 katika mradi ulioitwa PartoMa. Walikuta mhudumu mmoja akiwaangalia wanawake 3 hadi 6 walioshikwa na uchungu kwa wakati mmoja, kisha wakajiuliza jambo ambalo miongozo mingi ya kimataifa haiulizi: kwa watu hawa waliopo, katika chumba hiki, ni lipi linawezekana na ni lipi haliachwi hata iweje? Watumishi wenyewe walishiriki kuandika kijitabu kifupi cha maelekezo yanayotekelezeka, na semina fupi zikafuata. Watoto wanaozaliwa wakiwa wamekufa walishuka kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Idadi hiyo imeelezwa sana kama ushindi wa kitabibu, na ni haki yake. Mimi naona pia mkunga ambaye kwa mara ya kwanza amepewa maelekezo anayoweza kuyatimiza, akaweka sahihi yake chini ya kitu alichokifanya kweli.

Pamoja na hayo, sitaki inchaji wa wodi afanywe mganga wa upungufu asiousababisha. Kijitabu kizuri hakizai mkunga wa pili. Kuajiri ni kazi ya serikali, na kwa hospitali binafsi ni kazi ya mwenye hospitali, ambaye mara nyingine hulipisha huduma ya hali ya juu huku usiku ameacha wauguzi wawili kwa ghorofa nzima.

Kila robo mwaka mganga mkuu wa wilaya husimama mbele ya madiwani na kusoma taarifa: waliojifungua ni wangapi, vifo vingapi, dawa zilipatikana kwa asilimia ngapi, ujenzi umefikia wapi. Napendekeza iongezwe safu moja, inayoonyesha ni usiku ngapi katika robo hiyo leba iliachiwa mkunga mmoja peke yake, na usiku huo waliojifungua walikuwa wangapi. Takwimu zenyewe zipo tayari, zimo kwenye rosta za miezi mitatu na kwenye rejista ya wazazi. Karani mmoja atazijumlisha kwa nusu siku. Diwani akishaziona ataweza kuuliza swali ambalo mkunga hana kikao cha kuliuliza, na robo inayofuata akaliuliza tena.